Kupamba Mawe kwa Rangi: Jiwe Liokotwe Wapi?

Uchoraji wa mapambo juu ya mawe ni burudani isiyo na gharama kubwa, na nchini una asili ndefu: michoro ya miambani ya Kondoa, iliyo mingi ya rangi nyekundu, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Mkazi anayeanza achague jiwe laini lililosuguliwa na maji. Alioshe kwa sabuni, alianike juani hadi likauke kabisa, apake rangi ya maji kuwa msingi, kisha achore; vanishi hupakwa mwisho. Rangi iliyopakwa juu ya unyevu hubanduka.

Hatari ipo mahali pa kuokota. Mawe ya kwenye mialo ya wachimbaji wadogo na marundo ya marudio huweza kuwa na zebaki, ambayo hudhuru hasa ubongo wa mtoto anayekua, na sabuni haitoshi kuiondoa. Watoto wasiokote mawe huko hata yakimetameta, na mengi humetameta. Kijito kinachopokea maji ya mialo nacho kiepukwe.

Majabali yenye michoro ya kale yasiguswe kwa brashi. Yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.