SOMO: SUMU ISIYOONDOKA KWA KUCHEMSHA MAZIWA

Wanachama wengi wa vyama vya maziwa huamini kwamba maziwa yakichemshwa yamekuwa salama. Ukweli huo ni nusu. Moto huua bakteria, lakini baadhi yao, kabla ya kufa, huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Mfano ulionekana Japani mwaka 2000. Mwezi Machi umeme ulikatika katika kiwanda kimoja kisiwani Hokkaido, na maziwa yakakaa na joto kwa saa kadhaa. Bakteria waitwao stafilokokasi wakazaana na kutoa sumu. Maziwa yalipotiwa moto bakteria walikufa, lakini sumu ikabaki katika unga wa maziwa uliotengenezwa. Miezi michache baadaye, watu zaidi ya 13,000 wa Osaka na sehemu za jirani waliugua.

Maabara hutumia njia tatu kuchunguza jambo hili.

Kwanza, sampuli huoteshwa katika kisahani chenye chakula cha bakteria. Njia hii huonyesha bakteria walio hai tu.

Pili, hutafutwa jeni, yaani maagizo ya urithi ambayo bakteria hutumia kutengeneza sumu. Si kila stafilokokasi anayo. Njia iitwayo PCR, iliyobuniwa na Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983, huinakili jeni hiyo. Joto la digrii 95 hivi hutenganisha pande zake mbili. Likishuka, vipande vya kuanzia hujishika mahali pake, kisha kimeng'enya hujenga nakala. Kila mzunguko huzidisha nakala maradufu, hata baada ya mizunguko 30 kipande kimoja huweza kuwa zaidi ya bilioni 1. Jeni isipokuwamo, hakuna kinachonakiliwa.

Tatu, hutumiwa kingamwili zinazoinasa sumu yenyewe. Kipimo hiki ni cha lazima, kwa kuwa jeni huonyesha uwezo tu: kuwa na jembe si kulima.

Vipimo vya kituoni, yaani laktomita na alkoholi, havioni bakteria hao wala sumu yao. Kwa hiyo kinga huanzia zizini. Mkamuaji aoshe mikono na chuchu; mwenye jipu au kidonda mkononi asikamue; maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yasiletwe kituoni; na maziwa yapozwe upesi hadi digrii 4. Katika tangi la chama maziwa ya wote huchanganyika, na samaki mmoja akioza wote wameoza.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini maziwa ya Hokkaido yalidhuru watu ingawa bakteria walikuwa wamekufa?

2. Umeme ukikatika kituoni penu, nani ana wajibu wa kuandika muda na joto la maziwa, na nani ataamua yasiuzwe?