Zeze na Gitaa Darasani: Somo la Muziki kwa Darasa la Sita

Mwalimu mwanafunzi apelekwaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule kama zile za Kanazi, wilayani Ngara, hukuta darasani muziki wa namna mbili. Upo ule wa nyumbani, wa ngoma za Wahangaza na nyimbo za harusi. Na upo ule wa redioni na kwenye simu, wenye magitaa na mashine. Huu wa pili watoto huuimba bila kuombwa. Ule wa kwanza huuonea haya, hasa mbele ya mwalimu aliyetoka mbali. Haya hiyo ndiyo shabaha ya makala yetu, kwa maana mtoto akiona haya kuimba wimbo wa bibi yake, mwalimu amekwisha kupoteza zana iliyo karibu kuliko zote, tena isiyogharimu fedha.

Twapendekeza somo lianze kwa habari za wanamuziki wawili, wote Wagogo. Patrick Balisidya, aliyefariki mwaka 2004, alishika gitaa la umeme na kuongoza bendi ya Afro 70. Mwaka 1977 bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania katika tamasha kubwa la sanaa za Kiafrika mjini Lagos, na mwaka 1979 ilishirikiana na kundi la Archimedes Badkar la Uswidi katika santuri iitwayo Bado Kijana. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, hakuacha zeze wala ilimba, na alikuwa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Yeye roki ilimfuata. Kampuni ya Real World, ambayo Peter Gabriel, mwimbaji wa roki wa Uingereza, ni miongoni mwa waanzilishi wake, ilitoa mwaka 2002 Assembly, kazi yake na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada. Mwaka huohuo alisafiri na Gabriel katika maonyesho yake.

Sasa mwalimu aulize: kati ya hao wawili, ni nani aliyebadilika? Wengi watamtaja Balisidya, kwa sababu ya gitaa. Jibu hilo lisipokewe upesi. Kilichobadilika ni ala, ni sauti, au ni watu wanaosikiliza? Darasa likibishana dakika kumi, dakika hizo hazikupotea.

Ndipo lije zoezi. Roki ilizuka Marekani katika miaka ya 1950, ikichota zaidi katika muziki wa Wamarekani weusi, ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika. Hesabuni moja hadi nne. Nusu ya darasa ipige mguu chini katika moja na tatu, nusu nyingine ipige makofi katika mbili na nne. Juu ya mapigo hayo, mtoto mmoja aanzishe wimbo wa nyumbani na wenziwe waitikie.

Nyimbo nyingine zitakubali. Nyingine zitagoma, kwa kuwa ngoma zetu nyingi huenda kwa mapigo sita wala si manne, na makofi yatagongana na wimbo. Hapa walimu wengi wageni hushtuka, wakaukunja wimbo hata uingie katika makofi. (Tumewahi kuona wimbo mzuri wa harusi ukigeuzwa gwaride kwa njia hiyo.) Mwalimu anyamaze, awaache watoto watafute makofi yaupasayo wimbo. Watayapata, na mara nyingi atakayeyapata kwanza ni yule asiyejulikana sana katika hesabu wala kusoma.

Kwa kipindi cha pili aalikwe mzee mpiga ngoma wa kijijini. Mwalimu amwendee nyumbani siku kadhaa kabla, aulize ngoma ipi yaweza kupigwa shuleni na ipi ina mwiko. Mzee akipenda kukaa nje chini ya mti kuliko darasani, madawati yabaki ndani.