Mteja asipoelewa unafanya nini, anaondoka kimya kimya

Leo naongelea maneno ya kwenye tovuti, na mfano wangu siyo duka. Ni dada mmoja mshauri nasaha, kapanga chumba juu ya duka langu.

Tovuti yake ilikuwa nzuri kwa macho, ila watu walikuja kuniuliza mimi huku chini: "Huyo wa juu anafanya nini?" Kuna kaka mmoja alinunua soda, akainywa taratibu amesimama, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Pale juu ni kwa ajili ya vichaa?" Nikamjibu hata sijui vizuri. Akarudisha chupa, akaondoka. Sijamwona tena, na lile jibu langu linaniuma mpaka leo.

Jioni nikafungua tovuti. Sentensi ya kwanza: "Tunatoa huduma jumuishi za kisaikolojia kwa kutumia CBT na mbinu nyinginezo." Nimeishia kidato cha nne, sikuambulia kitu. Dada akanielewesha: CBT ni njia ya kumsaidia mtu aangalie anavyofikiri na anavyotenda, ilianzishwa na daktari wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960. Sawa. Lakini mtu ambaye halali wiki ya tatu hii hamtafuti Beck, anatafuta usingizi.

Nikamuuliza, "Dada, watu wakishakaa kwenye kiti, wanaanza kusema nini?" Akasema hakuna anayesema sonona. Wanasema mawazo yamenizidi, silali, kila siku ugomvi nyumbani, tangu mama afariki sijielewi. Nikamwambia andika hayo hayo.

Ikawa hivi: "Mawazo yamekuzidi? Hulali? Umefiwa na mambo hayakai sawa? Njoo tuzungumze, wewe na mimi tu, dakika 50. Siyo lazima uwe mgonjwa ndiyo uje."

Bei aliandika "njoo inboksi". Hapa jamani wengi tunakosea. Mtu kakusanya ujasiri wiki nzima, halafu unamwongezea kazi ya kuomba bei? Tukaiweka wazi, pamoja na siku ya kwanza inavyokuwa: unapandia ngazi zipi, unaulizwa nini.

Kwenye siri tulibishana. "Usiri unazingatiwa" nikaifuta, nikaweka "Unayoniambia simwambii mkeo, bosi wako wala mchungaji wako." Akaongeza: isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Nikasema hiyo itafukuza wateja. Akanijibu, "Mdogo wangu, siwezi kuahidi kitu halafu nikivunje." Ikabaki. Akaweka pia kwamba anayefikiria kujiua asisubiri miadi, aende hospitali ya karibu sasa hivi. Na picha za wateja kama tunavyoweka sisi wa maduka, hataki hata kuzisikia. Wala haandiki "utapona".

Mwisho nikampa simu kijana wa bodaboda asome, nikahesabu mpaka kumi, nikamnyang'anya. "Anafanya nini huyu?" Akasema, "Anaongea na watu wenye mawazo mengi, elfu thelathini, mlango wa pembeni."

Jaribu hivyo na ukurasa wako, kwa mtu asiyeijua biashara yako. Akijibu tofauti usimweleweshe, badilisha sentensi. Ukikwama nitumie hiyo ya kwanza tu, tuitazame pamoja.