Mtoto mpweke na mtungi wa kunawia mikono

Karibu kila darasa lina mtoto anayekaa peke yake wakati wa mapumziko. Jibu analijua, lakini hainui mkono. Kumwambia achangamke hakumsaidii. Anachohitaji ni kazi inayowafanya wenzake wamhitaji, na somo la sayansi linaweza kumpa kazi hiyo.

Mfano uko katika kaunti jirani. Mwaka wa 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, Stephen Wamukota wa kijiji cha Mukwa, Bungoma, aliunda mashine ya mbao ya kunawia mikono. Alikuwa na umri wa miaka 9. Ukikanyaga kwa mguu, ndoo inainama na kumwaga maji bila wewe kuigusa. Mwezi wa Juni alituzwa na Rais Uhuru Kenyatta.

Walimu na wazazi wa Matisi wanaweza kuwapa watoto wanne kazi inayofanana na hiyo. Vifaa ni mtungi wa plastiki wa lita 5, miti miwili yenye panda, ufito, kamba na kijiti cha kukanyagia.

1. Simika miti miwili, kisha upitishe ufito kwenye mkono wa mtungi na kuulaza juu ya panda.
2. Toboa tundu dogo chini kidogo ya kifuniko, kisha utie maji yasiyofika kwenye tundu.
3. Funga kamba kutoka shingo ya mtungi hadi kwenye kijiti.

Mtoto mnyamavu apewe kamba. Ikiwa fupi mno, mtungi utabaki umeinama. Ikiwa ndefu mno, kijiti kitagusa ardhi kabla maji hayajatoka. Wenzake watalazimika kumuuliza, naye atalazimika kuwajibu. Maji yakimwagika, mwalimu asiichukue kamba. Awaachie wajaribu tena.

Roboti hufanya kazi kwa mpango huo huo. Kitambuzi huona mkono, programu huamua, mota huinamisha mtungi. Hapa, macho na akili ni za mtoto, na mguu wake ndio mota. Anayeelewa hilo ameanza kuielewa roboti, hata kama shule haina kompyuta.

Mwishoni, fundi wa kamba awaonyeshe watoto wa darasa la chini jinsi ya kuipima. Kamba ikikatika wiki ijayo, watajua ni nani wa kumwita.