Hedhi na Ukomo wa Hedhi katika Tiba ya Ayurveda

Ayurveda ni elimu ya tiba iliyozaliwa Bara Hindi zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Jina lake ni la Kisanskriti, na maana yake ni elimu ya uhai. Vitabu vyake viwili vikuu, cha Charaka na cha Sushruta, vingali vikisomwa katika vyuo vya India hadi leo. Wanawake wengi wa nchi hiyo, na wengine walio mbali nayo, hutumia dawa za Ayurveda wapatwapo na maumivu ya hedhi, damu inayotoka kupita kiasi, au taabu za umri wa kukoma hedhi. Mwalimu wa baiolojia anayeulizwa na wanafunzi wake kama dawa hizo zinafaa hawezi kujibu kwa neno moja. Katika tiba yoyote ya kale mna mambo yaliyoonwa kwa macho, mna maelezo ya sababu zake, na mna dawa. Moja likiwa sahihi, haifuati kwamba na mengine ni sahihi.

Waliyoyaona matabibu wa kale

Katika kitabu cha Sushruta imeelezwa kwamba hedhi huanza msichana afikapo miaka 12 na hukoma yapata miaka 50, mwili unapoanza kuchakaa. Makadirio hayo hayako mbali na vipimo vya leo. Katika nchi za Ulaya na Marekani umri wa katikati wa kukoma hedhi ni kama miaka 51, na nchini India ni miaka michache kabla ya hapo. Kitabu cha Charaka nacho chaeleza hedhi iliyo salama: huja kila mwezi, hudumu siku tano, si nyingi mno wala si haba mno, haina mwako wala maumivu. Madaktari wa leo huhesabu kuwa wa kawaida mzunguko wa siku 24 hadi 38, na damu isiyozidi siku 8.

Hilo la maumivu lastahili kuangaliwa. Wasichana wengi huambiwa kwamba kuumwa ndiyo ada ya mwanamke, na wengine hukosa masomo kila mwezi bila mtu yeyote kuuliza sababu. Matabibu hao hawakulichukulia jambo hilo hivyo. Miongoni mwa maradhi 20 ya njia ya uzazi waliyoyaorodhesha, moja huitwa udavarta, na dalili yake ni hii: mwanamke huumwa sana kabla ya damu kutoka, kisha hupata nafuu mara damu inapotiririka. Aliyeandika maneno hayo aliwasikiliza wagonjwa wake.

Upepo na prostaglandini

Maelezo ya sababu ni jambo jingine. Kwa itikadi ya Ayurveda, mwili huendeshwa na nguvu tatu: vata, yenye sifa za upepo, pitta, yenye sifa za moto, na kapha, yenye sifa za maji na uzito. Tawi moja la vata, liitwalo apana, ndilo lisukumalo chini choo, mkojo, mtoto na damu ya hedhi. Upepo huo ukigeuka na kupanda juu, damu huzuiliwa na maumivu hutokea. Matibabu basi ni kuurudisha upepo chini kwa vitu vya joto na vya mafuta: mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto na kusuguliwa tumboni na kiunoni, mafuta ya mbarika, dawa ya mizizi kumi, tangawizi na mvuje.

Hakuna chombo kilichowahi kuupima upepo huo. Kilichopimwa ni kemikali ziitwazo prostaglandini. Mwisho wa mzunguko, homoni ya projesteroni inaposhuka, utando wa ndani wa tumbo la uzazi huanza kubomoka na kutoa kemikali hizo. Nazo huufanya msuli wa tumbo la uzazi ujikaze kwa nguvu na kuibana mishipa yake ya damu, hata msuli wenyewe ukakosa oksijeni. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, na mwaka 1982 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden. Dawa za jamii hiyo, kama ibuprofen, ndizo hutumiwa zaidi siku hizi kwa maumivu ya hedhi.

Nadharia ya upepo ikikataliwa, je, dawa zake nazo zitupwe? La. Jaribio lililotangazwa Marekani mwaka 2001 lilionyesha kwamba kitambaa chenye joto la nyuzi 39 hivi za Selsiasi, kikiwekwa chini ya kitovu saa 12 kwa siku, kilipunguza maumivu sawa na ibuprofen. Tangawizi nayo imejaribiwa kwa kipimo cha miligramu 750 hadi 2000 za unga kwa siku, katika siku tatu au nne za kwanza za hedhi, na wanawake wengi walipata nafuu kuliko waliopewa unga usio na dawa. Lakini majaribio hayo yalikuwa madogo, na wachunguzi wa shirika la Cochrane walipoyapitia mwaka 2016 waliuona ushahidi wake kuwa dhaifu. Mtu aweza kunywa tangawizi bila hofu. Asiahidiwe tu zaidi ya hapo.

Tena, si kila maumivu ni ya prostaglandini. Maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, au yanayodumu hata nje ya siku za hedhi, huenda yakatokana na utando wa tumbo la uzazi kuota mahali pasipo pake. Joto na tangawizi huyatuliza kwa muda huku ugonjwa ukiendelea. Watu wa Pwani, ambao huyaita maumivu mengi ya namna hiyo chango, hukabiliwa na hatari ile ile: jina moja kufunika magonjwa mbalimbali.

Damu nyingi na mti wa ashoka

Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika damu inayotoka kupita kiasi, ambayo kwa Ayurveda huitwa asrigdara au pradara. Dawa yake mashuhuri ni magome ya mti wa ashoka, Saraca asoca. Magome huchemshwa, maji yake hutiwa sukari guru na maua ya dhataki, kisha huachwa yachachuke hadi yawe na kileo chake yenyewe, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10. Kinywaji hicho huitwa ashokarishta.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki aangalie sana. Mti mrefu uliochongoka, ulioota kandokando ya kuta za shule na ofisi nyingi za Dar es Salaam na Mombasa na ambao wengi huuita mwashoki, siyo ashoka wa dawa. Huo ni Monoon longifolium, wa jamii moja na mtopetope na mstafeli. Ashoka wa kweli ni wa jamii ya kunde, ndugu wa karibu wa mkwaju. Mwanafunzi aweza kuihakikisha tofauti kwa majani: ya mwashoki ni jani moja moja, refu, lenye ukingo wa mawimbi, ya ashoka ni jani lililogawanyika katika vijani vilivyopangana jozi jozi, kama la mkwaju ingawa vyake ni vikubwa zaidi. Huko India kwenyewe ashoka wa kweli amepungua sana msituni, na wachunguzi wamekuta magome ya ule mti mwingine yakiuzwa mahali pake. Chupa yaweza kuwa na jina sahihi na mti usio wake.

Hata kama magome ni ya kweli, bado haijathibitishwa kwa majaribio makubwa ya wanawake kwamba yanazuia damu. Na wakati wa kungoja una gharama yake. Mililita moja ya damu ina karibu nusu miligramu ya madini ya chuma. Mwanamke anayepoteza mililita 80 kila hedhi hupoteza karibu miligramu 40 za chuma, yaani zaidi ya miligramu moja kwa siku, ilhali chakula cha kawaida humpatia miligramu moja au mbili tu, na mwili una matumizi mengine. Hesabu haikubali. Uchunguzi wa taifa wa afya uliofanywa India kati ya mwaka 2019 na 2021 ulikuta asilimia 57 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hedhi siyo sababu pekee, lakini mwanamke wa namna hiyo hana akiba ya kungojea chupa tatu za dawa ili ajue kama inafaa. Damu nyingi yaweza kuletwa na fibroidi, na mimba iliyoharibika, na kasoro ya kuganda kwa damu, au na saratani. Neno pradara halibagui.

Umri wa kukoma hedhi

Jambo la kushangaza ni kwamba vitabu vya kale vyasema machache sana kuhusu ukomo wa hedhi. Vinautaja umri wake, basi. Havikuuhesabu kuwa ugonjwa. Mengi yanayoitwa leo matibabu ya Ayurveda kwa umri huo yamekusanywa na matabibu wa siku za karibuni kutoka katika mafundisho ya jumla juu ya uzee, ambao husemwa kuwa ni wakati wa vata. Maarufu zaidi ni mizizi ya shatavari, Asparagus racemosus, mmea uotao pia katika nyika za Afrika Mashariki.

Wauzaji husema shatavari hurudisha homoni. Mizizi hiyo ina saponini zenye umbo linalokaribiana na homoni za mwili, lakini kukaribiana kwa umbo hakuifanyi kitu kuwa homoni. Ovari iliyomaliza mayai yake haifufuki kwa dawa yoyote. Estrojeni ikishuka, sehemu ya ubongo inayotawala joto la mwili huhangaika, na mwanamke hujikuta akiwaka na kutoka jasho katikati ya usiku wa baridi. Hali hiyo hupungua yenyewe kadiri miaka ipitavyo, ndiyo maana kila dawa hupata sifa. Mapitio ya mwaka 2004 ya majaribio ya homoni yalionyesha kwamba hata wanawake waliopewa vidonge visivyo na kitu walipungukiwa na vipindi vya joto kwa zaidi ya nusu. Bila kundi la kulinganishia, ushuhuda wa mama aliyepona hauwezi kupimwa.

Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma kwa miezi 12 haina nafasi ya kujaribiwa dawa yoyote ya kienyeji. Kati ya wanawake 100 wenye dalili hiyo, wapatao 9 huonekana wana saratani ya tumbo la uzazi, na ikigunduliwa mapema hutibika.

Limebaki suala la madini. Tawi moja la Ayurveda hutumia majivu ya metali yaliyochomwa mara nyingi. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walitangaza kwamba walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la mji huo, na katika 14 kati yake wakakuta risasi, zebaki au aseniki. Risasi iingiapo mwilini hujificha mifupani kwa miaka mingi. Estrojeni inapopungua, mfupa huanza kuyeyuka kwa kasi, na risasi iliyolala humo hurudi katika damu. Kwa hiyo mama wa miaka 50 mwenye uchovu, maumivu ya tumbo na upungufu wa damu yapasa aulizwe dawa alizokunywa, zikiwamo zile alizoziacha miaka kumi iliyopita, na damu yake ipimwe risasi.