Macho au Ekrani?

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa darasa la tano alipoteza pointi nyingi katika kazi ya hesabu kwenye ordinateri. Pahali pa 3 alikuwa anaandika 8. Akasema macho yake yameisha, na kwao wakaanza kutafuta pesa ya miwani. Kumbe kosa lilikuwa letu, sisi wakubwa wa darasa la sita.

Ilikuwa hivi. Ekrani ya mashini ile ina vidoto 1366 kwa upana na 768 kwa kwenda juu. Vilitiwa kiwandani, haviongezeki wala havipunguki. Sisi tulitaka maandishi makubwa, tukachagua 800 kwa 600. Maandishi yakawa makubwa kweli, lakini mashini ikalazimika kutandaza picha ya vidoto vichache juu ya vidoto vingi, na hesabu yake haigawanyiki sawasawa. Kila herufi ikapata ukungu kandokando. Tukamaliza kazi yetu, tukaenda zetu, hatukurudisha.

Namna ya kutengeneza si ngumu. Finya kitufe cha kuume cha kipanya pahali patupu pa ekrani, chagua «Paramètres d'affichage», halafu katika namba za vidoto chukua ile yenye neno «recommandé». Ukitaka herufi kubwa usiguse namba ile hata kidogo. Pandisha kipimo cha maandishi toka 100 mpaka 125 kwa mia. Herufi zitakua na zitabaki safi.

Tena kuna mwanga. Hapa Mavivi tuko karibu sana na Ekwateri, basi asubuhi jua linaingia kwa madirisha ya mashariki, na kisha saa tisa kwa yale ya magharibi. Ekrani inayotazama dirisha inageuka kioo, unajiona sura yako tu. Geuza meza, dirisha likae ubavuni mwako. Halafu weka karatasi nyeupe karibu na ekrani: kama ekrani inawaka kuliko karatasi, punguza mwangaza, kama ni ya kijivu sawa majivu, ongeza. Jioni, tukiwa kwa batri, kupunguza kunasaidia macho na batri pia.

Kaa mbali kadiri ya mkono ulionyoshwa. Mtu akikaza macho kwa ekrani anasahau kupepesa, na macho yanakauka. Kila dakika 20 tazama mikakao kule nje sekunde 20. Wale watatu wa mashini moja wabadilishane viti, maana wa pembeni anaona rangi zimefifia.

Mwenzetu sasa anasoma namba bila shida. Kama angeona ukungu hata kwa ubao wa darasa, hilo lingekuwa neno la mganga wa macho. Tumemwomba radhi. Tumebandika pia karatasi kwa kila mashini, yenye namba yake. Atakayegeuza arudishe mbele ya kengele. Na zile pointi zake, tunaomba bwana mwalimu azitazame tena.