Tairi Jembamba au Tairi Pana? Somo Fupi kwa Wapanda Baiskeli wa Manchester

Kila mwezi wa tisa wanapofika wanafunzi wapya, swali la nauli halikawii kuja, na nyuma yake linafuata swali la baiskeli. Mimi huwatengenezea wenzangu baiskeli siku za Jumamosi, na ombi ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Kaka, nitafutie yenye matairi membamba, zile ndo zinakimbia."

Nimeona nijibu hapa mara moja kwa wote, maana hili si suala la mtindo tu. Wengi wetu baiskeli ndiyo inayotufikisha kazini alfajiri na darasani asubuhi. Zile saa 20 za kazi kwa wiki tulizoruhusiwa wakati wa masomo, ukilala kitandani na mkono uliovunjika, nyingi hakuna atakayekulipa.

1. Tujue kwanza kusoma namba

Tairi limeandikwa ubavuni. Achana na inchi, tafuta namba mbili zenye kistari katikati, mfano 28-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, nayo lazima ilingane na rimu yako, hapo hakuna mjadala.

Inchi zinachanganya watu. Tairi la 26 × 1 3/8 kwa kawaida ni 590, na la 26 × 1.75 ni 559. Yote yanaitwa "ishirini na sita", lakini ukinunua lisilo lako utahangaika nalo mpaka usiku na halitaingia. Hata ile Phoenix ya nyumbani, inayobeba magunia ya mkaa, tairi lake la 28 × 1½ ni 40-635. Hapa ukiomba "inchi 28" dukani utapewa 622. Na hebu tazama upana wake: milimita 40. Wanaobeba mizigo kule hawahangaiki na tairi la milimita 23.

2. Upepo ndio unaobeba mzigo

PSI maana yake ni pauni kwa kila inchi ya mraba. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba pauni 100, yaani kama kilo 45. Ukijaza upepo PSI 100, sehemu ya tairi inayogusa lami ni kama inchi moja ya mraba. Ukijaza PSI 50, ni inchi mbili. Hesabu ni hiyo tu, tairi liwe jembamba au pana.

Kinachobadilika ni umbo la hiyo sehemu. Kwa upepo ule ule, tairi jembamba linagusa kwa alama ndefu na nyembamba, na tairi pana kwa alama fupi na pana. Alama ndefu inakunja ubavu wa tairi zaidi kila linapozunguka, na mpira ukikunjwa unakula nguvu yako na kuigeuza joto. Kwa hiyo, kwa upepo sawa, tairi pana ndilo linaloteleza kirahisi zaidi. Wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Jembamba linajitetea kwa kujazwa upepo mwingi, PSI 100 na zaidi. Kwenye lami laini kama kioo, sawa. Ila kwenye lami yenye viraka na mashimo, tairi gumu linarukaruka, na kila mruko unainua mwili wako na begi lako. Nguvu hiyo wewe ndo unailipa kwa miguu.

3. Na wale wa mashindano je?

Miaka ya 2000 wakimbiaji wengi walitumia milimita 23. Leo milimita 28 ni jambo la kawaida kwao, na kwenye mawe ya Paris–Roubaix wanaenda mapana zaidi ya hapo. Wao wenyewe wamehama.

Jembamba bado lina faida mbili za kweli: ni jepesi, na linapasua hewa vizuri kwa mwendo mkali. Lakini sisi tunakwenda kilomita 18 hivi kwa saa, na koti la baridi limejaa upepo kama tanga la jahazi. Koti hilo linakurudisha nyuma kuliko tairi lolote.

4. Reli za tramu

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Katikati ya mji, kuanzia Piccadilly Gardens mpaka St Peter's Square, reli za tramu zimelala barabarani, na kila reli ina mfereji. Tairi la milimita 23 au 28 linazama humo. Likishazama, usukani haugeuki tena, na wewe uko chini. Rafiki yangu alivunjika mtulinga namna hiyo na kukosa kazi wiki sita.

Tairi la milimita 40 na kuendelea haliingii kirahisi. Hata hivyo usijidanganye, chuma kikilowa kinateleza kwa kila mtu. Kata reli kwa kuielekea moja kwa moja kadiri uwezavyo, usifunge breki wala kukata kona ukiwa juu yake. Na siku ya barafu nyeusi, upana hausaidii. Shuka utembee.

Wengine huniuliza habari za meno ya tairi kwenye mvua. Meno makubwa ni ya matope. Kwenye lami iliyolowa kinachoshika ni mpira wenyewe, kwa hiyo tairi laini lisilo na meno halina neno.

5. Basi, uchague lipi?

Kanuni yangu: nunua tairi pana kadiri fremu na breki zako zinavyoruhusu, ukibakiza nafasi ya milimita 5 hivi kila upande, na madigadi uyahesabu pia. Rimu ikiwa nyembamba sana, usilazimishe tairi pana mno, litayumba kwenye kona. Kama baiskeli bado hujainunua, tafuta inayokubali 35 au zaidi. Kama unayo tayari ya mashindano, uliza kama 28 linaingia, halafu reli zipite kwa adabu.

Kisha pampu. Fuata kiwango kilichoandikwa ubavuni, usikizidishe. Kwa mtu wa wastani, jembamba la 23 linataka kama PSI 100, la 28 kama 75, la 37 kama 50. Jembamba lina upepo kidogo ndani, linalegea upesi, na likilegea ukagonga shimo, tyubu inabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili kama meno ya nyoka. Pampu ni rahisi kuliko tyubu, na tyubu ni rahisi kuliko bega.

Mwenye tairi asilolielewa aje nalo Jumamosi, tusome namba pamoja. Masomo mema.